Ukuta wa Mwalimu Chilumba

Mwalimu mmoja alikuwa na ukuta. Haukuwa mali yake. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa shule, mrefu, unaotazama njia ya kwenda sokoni. Lakini mji mzima uliuita ukuta wa Mwalimu Chilumba, kwa kuwa alifundisha kuchora pale miaka thelathini na mmoja, na hakuna mpita njia asiyeijua kazi yake.

Desturi yake ilikuwa moja. Kila mwaka mvua zikikatika, alikoroga chokaa kwenye pipa na kuufuta ukuta wote kwa mkono wake mwenyewe, mpaka ukawa mweupe pe. Alifuta michoro ya wanafunzi, akafuta na ya kwake, hata ile ambayo watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuitazama. Wazee walimsihi, mwalimu, huyu ng'ombe uliyemchora tuachie japo mwaka mmoja. Alicheka tu, akaendelea kukoroga. Kisha aliwapa darasa la tano mkaa na rangi za udongo, akawaambia kila mmoja achore kitu alichokiona kwa macho yake, si alichosimuliwa, wala alichokikuta kwenye mchoro wa mwenzake. Naye alichukua kona yake akachora pamoja nao.

Somoe alikuwa mmoja wa watoto hao. Alichora mbuzi wa bibi yake mwenye miguu mitano, maana mmoja aliukosea akaogopa kuufuta. Mwaka uliofuata, alipoona chokaa inampitia mbuzi wake, alilia kwa uchungu. Mwalimu hakumbembeleza. Alimtia brashi mkononi, wakammaliza mbuzi pamoja. Siku ile ndipo Somoe alipoanza kuwa mwalimu, ingawa cheti alikipata miaka mingi baadaye, akarudi kufundisha katika shule ileile.

Mwalimu Chilumba akafa mwezi wa tano, mvua zikiwa ukingoni. Mji ulilia, na ulilia kweli. Siku ya arobaini wanafunzi wake wa zamani wakaunda kamati ya kumkumbuka, wakamweka Nandonde kuwa mwenyekiti, mtu mwema ambaye mwalimu alimfundisha kushika mkaa. Wakaomba dua, wakala pilau, wakahutubu mpaka jua likawageukia, kisha wakapitisha azimio: mchoro wa mwisho wa mwalimu usiguswe milele. Ulikuwa mchoro wa wanawake wakiteka maji kisimani. Michoro ya watoto iliyouzunguka wakaipaka rangi ya bluu, ili wa mwalimu uonekane vizuri. Wakazungusha seng'enge, wakatia geti na kufuli, wakasimamisha kibao: USIGUSE. Nani angepinga? Anayepinga msibani huitwa mchawi.

Darasa la tano likawa la Somoe. Mwezi wa saba alikoroga chokaa, akawapanga watoto arobaini na watatu mbele ya geti, kila mmoja na kipande chake cha mkaa, akaenda kuomba ufunguo. Nandonde alimtazama kama mtu aliyekuja kuazima sanda ya maiti. "Dada Somoe," akasema, "kaburi halijaota hata majani, nawe unataka kumfuta?" Somoe akarudi mikono mitupu, na chokaa ikagandia kwenye pipa.

Mwaka wa pili akaenda tena. Akaambiwa kamati itakaa. Kamati ikakaa. Kamati hukaa, jamani, ndiyo kazi yake! Ilipoinuka ilikuwa imezaa mashindano: watoto wasimame nje ya seng'enge wanakili mchoro wa mwalimu kwenye madaftari, na atakayepatia apewe zawadi. Binti mmoja hakunakili. Alichora nyuki waliovamia mnada juma lile, wachuuzi wakikimbia na mabeseni kichwani, na mchinjaji amejifunika ngozi ya ng'ombe. Somoe alipoona mchoro ule moyo ulimruka, maana alikuwa kama anamsikia mwalimu akicheka. Kamati ikampa yule binti sifuri, tena kwa wino mwekundu.

Na chokaa si jiwe. Mvua za kwanza zilikula miguu ya wale wanawake, za pili zikala ndoo na kamba. Kamati ikaleta fundi wa kuandika mabango azibe palipobanduka. Akaziba miguu. Akaona nyuso nazo zimefifia, akazifufua kwa ujuzi wake, na mmoja akatoka amefanana kabisa na mke wa mwenyekiti, watu wakacheka huku wameziba midomo. Ulipofika mwaka wa tatu hapakuwa na mstari hata mmoja wa mkono wa Mwalimu Chilumba kwenye ukuta ule. Lakini kufuli lilikuwepo, tena limepakwa mafuta lisishike kutu. Somoe aliwaeleza hayo kwa upole, akaeleza kwa ukali, akaandika barua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo maji yakamfika shingoni. Watoto wale wa mwaka wa kwanza walikuwa sasa darasa la saba, wanamaliza shule bila kuugusa ukuta, na wengine nyuma yao hawakujua hata kwamba ukuta huchorwa na watoto. Jumatatu, saa nne asubuhi, mji mzima ukimwona, alikata seng'enge kwa koleo, akaingia na pipa lake, akapaka chokaa toka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, analia na kupaka. Watu wakajaa. Nandonde akaja mbio, kanzu ameikunja mkononi, akipiga kelele kwamba mwalimu ameuawa mara ya pili. Somoe akageuka, chokaa imemfika viwikoni.

"Miaka mitatu," akasema, "mnamkumbuka mwalimu kwa jambo ambalo yeye hakulifanya hata siku moja!"

Kamati ikakaa palepale, kwa kusimama, ikaamua kwamba Somoe ashitakiwe kwa wakubwa, na mchoro urudishwe siku hiyohiyo. Nandonde akachukua mkaa yeye mwenyewe. Akaukaribia ukuta, akavuta mstari mmoja, akasita. Akawauliza wenzake, kisima kilikuwa kulia au kushoto? Mmoja akasema kulia, mwingine akaapa kushoto. Na wanawake walikuwa wangapi? Wanne. Watano. Watatu na mtoto mgongoni. Mtu aliyeshika ufunguo miaka mitatu, aliyepita pale kila asubuhi na kila jioni akilijaribu kufuli kama limefunga, alibaki ameinua mkono mpaka ukamchoka, na wote waliofundishwa na Chilumba, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, hawakuwa na la kumsaidia. Wakaanza kubishana. Walibishana kwa sauti kubwa hata hawakuona kwamba kwenye mwisho mwingine wa ukuta watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuchora.

Basi niambieni, ninyi mliofundishwa na watu waliokwisha kufa: ukuta ule ulifutwa na nani?