Pangaboi la Bi Sikudhani

Dari hupamba, boriti hubeba.

Mmeusikia msemo huu leo kwa mama yake Riziki, pale mlipokuwa mkimsifu yule mchumba wa Riziki kwa viatu vyake, saa yake na Kiingereza chake cha puani. Mama akasema maneno hayo manne, akaendelea kuchambua mchele, nanyi mkanyamaza kama watu walioelewa. Hamkuelewa. Nimewaona mkitazamana. Haya, sogezeni viti, na mwenye hilo bakuli la karanga alipitishe huku. Msemo huu msiwasingizie wahenga, maana wahenga hawakuwa na umeme. Uliletwa na pangaboi, hapa hapa Korogwe, mtaa wa Manundu, nyumba iliyopakana na yangu, na chanzo chake ni hiki.

Hapo jirani aliishi Bi Sikudhani, mjane, na mwanawe Mhando, aliyekuwa akikata tiketi stendi. Bi Sikudhani aliuza machungwa misimu mingi, na alipojua kwamba mkewe Mhando, Mwantumu, ana mimba, aliamua kwamba mjukuu wake hatafungua macho aone mabati. Akaweka dari ya jipsam katika chumba cha mzazi. Katikati ya dari akachorewa ua kubwa la rangi ya maziwa, lenye majani yaliyojikunja kama masikio ya mbuzi. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Watu waliingia, wakainua videvu, wakasema mashaallah, wakatoka bila kumwangalia aliyekuwamo chumbani.

Mtoto akazaliwa mwezi wa pili. Mnalijua joto la Korogwe la mwezi wa pili, lile la kumfanya kuku atembee kwa vituo. Na kwetu mzazi hatoki ndani hadi arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, anafunikwa kanga juu ya kanga, na dirisha linafungwa upepo mbaya usimpate. Mwantumu alivumilia, lakini mtoto hakuwa na adabu ya kuvumilia. Alijaa vipele vya joto shingoni, akawa analia hadi sauti inakauka. Mhando akanunua pangaboi.

Wakamwita Fundi Semkiwa. Akapanda darini kupitia ukumbini kusikokuwa na dari, akagongagonga, akashuka na utando wa buibui kichwani, akaeleza. Boriti haikupita juu ya ua. Ilipita upande wa dirishani, umbali wa mkono mmoja. Ama pangaboi lifungwe huko kwenye boriti, ama yeye aje na ubao mnene, aupigilie darini kutoka boriti hadi boriti, upite juu ya ua, ndipo lining'inie katikati. Ubao hakuwa nao, na alikuwa anakwenda msibani Mombo. Wangoje arudi.

Bi Sikudhani alikataa yote. Pangaboi upande wa dirishani, na ua likae katikati linatazama tu, ni sawa na kumvalisha bibi harusi hereni puani. Na kungoja hawezi, kwa sababu Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Handeni kumwona mtoto, na ameshawaambia kuna pangaboi.

Basi Ijumaa, mama yake alipokwenda sokoni, Mhando alimhamishia mkewe sebuleni, akaazima drili na kufunga mwenyewe. Alilifunga katikati ya ua, kwa skrubu, kwenye vile vimbao vyembamba vinavyoshikilia dari. Vimbao vile viliwekwa vibebe jipsam, na labda mjusi mmoja ambaye hajashiba. Mama yake aliporudi na kuuliza kama limeshika vizuri, Mhando akajibu kwamba alipata ubao, akaupitisha juu ya ua, na pangaboi amelikamata kwenye boriti.

Uongo mwingine hutoka mdomoni ukaenda zake. Huu ulipanda juu ukaning'inia, nao kila ulipozunguka aliyeusema aliusikia.

Wakwe walikuja, wakapulizwa, wakasifu. Mtoto akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu azaliwe. Bi Sikudhani alikaa mlangoni kama meneja wa hoteli. Mhando peke yake hakuona raha. Alikaa karibu na swichi, na kila mkwe alipoongeza namba, yeye aliipunguza akidai umeme wa siku hizi hauaminiki. Toka siku hiyo akawa akirudi kutoka kazini hainui mguu kuvuka kizingiti kabla hajainua macho. Jioni moja alikivuta kitanda hadi ukutani, akasema anafukuza panya. Mama yake akakirudisha chini ya ua, akamwambia panya wa nyumba hii wana heshima kuliko yeye. Kesho yake akakivuta tena. Mama akakirudisha tena. Alitaka kusema, na kila alipofungua mdomo alimwona mama yake akimwonyesha jirani mwingine lile ua, akameza maneno pamoja na mate.

Sasa, katika nyumba ile alikuwamo mtu mmoja aliyekuwa akiitazama dari kuliko wote. Mgeni akiingia, anatazama ua kwa muda wa mashaallah moja. Mwantumu alilala chali chini yake mchana kutwa, siku baada ya siku, hana kingine cha kutazama. Alilijua kila jani. Ndiye aliyeona kwanza kwamba asubuhi juu ya chandarua kulikuwa na vumbi jeupe, jepesi kama unga wa muhogo. Akalipangusa. Kesho likawapo tena. Akamwonyesha mama mkwe, naye akamwambia hiyo ni poda ya mtoto.

Kisha akaona ufa, mwembamba kama unywele, ukizunguka kitako cha pangaboi. Ulianzia kwenye jani moja. Baada ya muda ukafika jani la pili. Mwantumu akawa anauangalia kama mtu anayemwangalia nyoka aliyelala: hataki kuuona, na hathubutu kuacha kuuona. Pangaboi likawa na mlio, tik, kila lilipopita upande wa mlango. Akilizima, mtoto analia kwa joto. Akiliwasha, analala, naye anauhesabu mlio ule huku mkono wake umefunika kichwa cha mwanawe, kana kwamba mkono unaweza kuzuia chuma.

Alisema tena. Bi Sikudhani akamjibu kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba mzazi huona mengi, ni damu, itatulia. Akamwongezea pilipili manga kwenye uji.

Alimwambia na mumewe. Mhando akasema ataangalia. Alisema hivyo akiwa anatazama viatu vyake.

Basi adhuhuri moja Bi Sikudhani anaingia na bakuli la uji, anakuta kitanda kitupu. Mwantumu amekaa kwenye mkeka pembeni kabisa, mgongo ukutani, mtoto kifuani, jasho linamtiririka. Pangaboi amelizima. Mtoto analia.

Bi Sikudhani aliweka bakuli chini taratibu. Alimuuliza mkwewe kama anajua wageni wa arobaini wameanza kufika mjini, na watasema nini wakikuta mzazi kalazwa chini kama mgonjwa asiye na ndugu. Mwantumu akasema anajua, na hapandi.

Mhando aliingia wakati huo huo, amekuja kula. Akasimama mlangoni. Akainua macho, kama kawaida yake. Ufa ulikuwa umelizunguka ua, ukabakiza sehemu kama ya kiganja.

"Mwanangu, mwambie mkeo arudi kitandani," alisema Bi Sikudhani.

Mhando akasema labda leo akae hapo hapo, kuna ubaridi wa sakafu.

"Ubaridi. Mtoto kaiva kama kaa." Bi Sikudhani akageuka. "Mwantumu, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kile chuma, Mama. Kinataka kuanguka."

"Kimeshikwa na boriti. Mumeo kakifunga kwa mikono yake. Unamwita mumeo mwongo?"

Mwantumu akageuza shingo. Alimtazama Mhando. Hakumkazia macho kwa ukali, alimtazama tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite.

Mhando akatazama viatu.

"Haya," alisema Bi Sikudhani. Akainama, akamchukua mtoto kifuani kwa mama yake, na mama hakuweza kumng'ang'ania bila kumuumiza. Akaenda navyo, mtoto na kanga na hasira, akapanda kitandani, akajilaza chali katikati, chini ya ua, mjukuu juu ya kifua chake. Akajiweka sawa kwenye mto. "Mhando, washa. Weka namba tano. Nataka mkeo aone."

Swichi ilikuwa karibu na bega la Mhando. Mkono ukaenda, ukafika. Aliniambia baadaye kwamba kidude kile kidogo cha plastiki kilikuwa kizito kuliko mizigo yote aliyowahi kupandisha juu ya basi. Mtoto alikuwa amenyamaza, ameshika shanga za shingoni mwa bibi yake. Mwantumu alikuwa ameshasimama, hatoi sauti, mikono mbele.

"Unangoja nini? Washa."

"Mama, inuka."

"Washa, nimesema."

"Inuka, Mama. Halikushika boriti." Akavuta pumzi. "Limeshika ua."

Bi Sikudhani hakubishana. Alimtazama mwanawe, akatazama juu, na nadhani hapo ndipo alipouona ule ufa kwa mara ya kwanza, maana siku zote alikuwa akitazama maua. Akamkumbatia mtoto, akabingirika pembeni, akashuka. Akampa Mwantumu mwanawe. Hakusema samahani. Watu wa rika lake hawakufundishwa neno hilo, lakini aliuchukua ukingo wa kanga yake akamfuta mkwewe jasho usoni, na aliyekuwapo alielewa.

Mhando alikwenda kuzima umeme kwenye meni swichi, akarudi na meza, akaisogeza kando ya kitanda na kupanda ili alishushe polepole. Alilishika kwa mkono mmoja, apate tu kuona limelegea kiasi gani. Hakulivuta. Alilishika tu, kama mtu anayeshika papai kujua kama limeiva, nalo likaja. Likaja na ua lote na vimbao vyake, likamponyoka, likatua kitandani kwa kishindo kilichowatoa majirani ndani, nami nikiwamo. Nilipofika vumbi lilikuwa bado linaelea. Chuma kilikuwa kimelala juu ya mto, ndani ya lile shimo alilolifanya Bi Sikudhani kwa kichwa chake.

Bi Sikudhani aliuchukua ule mto, akautoa nje, akaukalia.

Fundi Semkiwa, aliyekuwa amesharudi kutoka Mombo, akaitwa, akauliza wanataka wapi sasa. Bi Sikudhani ndiye aliyejibu: dirishani, iliko boriti. Basi wakalifunga huko. Umeme ukazimwa kwanza. Boriti ikatobolewa kutoka upande hadi upande, ikapitishwa bolti nene na nati yake, kulabu ikaning'inizwa. Mhando akataka kupandisha pangaboi.

"Ngoja," alisema mama yake. "Kining'inie kitu kingine kwanza."

"Kitu gani, Mama?"

"Wewe."

Semkiwa akageuka ukutani ili acheke kwa heshima. Mhando alipanda mezani, akaishika kulabu kwa mikono miwili, akakunja miguu. Bi Sikudhani alivuta kigoda, akaagiza chai, akaanza kuinywa. Aliipuliza. Alikuwa mtu wa kunywa chai polepole, na siku hiyo alikuwa na kitumbua. Mhando aliuliza kama inatosha. Mama yake akamwuliza kama mtoto angepewa nafasi ya kuuliza. Alipomaliza alikung'uta makombo, akatazama juu. Kulabu haikusogea, boriti haikulia. "Shuka," akasema. "Sasa lipande pangaboi." Na ndiyo sababu hadi leo hapa Manundu mtu akifunga pangaboi lazima kwanza aning'inie mwenyewe. Mgeni akipita akaona mwanamume mzima anabembea sebuleni kama popo, hudhani ni adhabu. Naam, ilianza hivyo.

Siku ya arobaini ikafika. Pale palipokuwa na ua walikuwa wamebandika kipande cha jipsam kitupu, hakijapakwa hata rangi, na pangaboi lilizunguka karibu na dirisha, kimya, bila tik. Mwantumu alikuwa kitandani chini yake, kanga mpya, amelala usingizi mbele ya wageni bila aibu, maana alikuwa na deni kubwa la usingizi. Mkwe mmoja wa Handeni, mwanamke wa maneno mengi, akainua kidevu, akatafuta, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: mbona pangaboi liko kando, na lile ua zuri tulilolisifu limekwenda wapi?

Wote tukamtazama Bi Sikudhani. Mhando akatazama viatu vyake, kisha akajilazimisha, akainua uso.

Bi Sikudhani alikuwa anamfunika mjukuu wake. Hakuharakisha. Alimtazama mwanawe, akamtazama na yule mkwewe aliyelala, mwembamba, asiye na sauti, ambaye nyumba nzima ilikuwa imemwegemea bila kujua. Kisha akasema maneno yale manne. Mkwe wa Handeni hakuelewa, akadhani anasimuliwa mambo ya ujenzi. Mwantumu, niliyedhani amelala, alitabasamu macho yakiwa yamefumbwa.

Basi mkiona kitu kinang'aa, msiishie kukitazama. Ulizeni kimeshika wapi. Na mama yake Riziki hakumtukana yule mchumba, amesema tu kwamba viatu ameviona, sasa anangoja kumwona akining'inia.

Nawe Hidaya, acha kucheka, rudisha hilo bakuli. Wewe ndiye uliyekuwa juu ya kifua cha bibi yako, umeshika shanga zake, na ulinyamaza siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yako.

Dari hupamba, boriti hubeba.