Ghala la Mlango Mmoja

Katika mji wa Mahruza alitawala Sultani Nuumani bin Tahiri, na mjini humo palikuwa na ghala la mchele lenye nguzo sita na mlango mmoja, alilolijenga babu yake, mtu aliyejaaliwa hekima na hofu kwa kipimo kimoja. Kwa kuwahofu wanadamu, alimharimishia kila mtu kuingia ndani, akamfunga jini aitwaye Shamhari awe ndiye mpakiaji. Na kwa kumhofu jini naye, akamlisha yamini asivuke nguzo ya tatu kutoka mlangoni.

Basi kila msafara ulipoleta mchele, Shamhari aliusukuma ndani, na magunia mapya yakayasogeza ya zamani nyuma. Na mitaa saba ilipoleta punda kuchukua posho, alitoa yaliyo karibu. Idarusi, mwangalizi wa ghala, alisimama mlangoni miaka tisa akiyaona magunia yakiingia, na moyo wake ukatulia.

Ukaja ukame, misafara ikakoma. Asubuhi moja jini akatoka mikono mitupu.

"Bwana, kwisha."

"Kwisha vipi? Mchele wa mwaka mzima umo humu!"

"Mimi nasema ninachokifikia."

Lakini Idarusi hakulisikia neno hilo kwa mshindo wa moyo wake, kwa kuwa punda wa mitaa saba walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na askari walikuwa wakija kumchukua.

"Ewe Idarusi," akasema Sultani, "nilikupa matumbo ya raia wangu uyalinde. Mchele u wapi? Jua likisimama juu ya mnara nami sijauona, shingo yako itajibu."

Akarudishwa ghalani chini ya ulinzi. Hapo mlangoni alikuwapo Ruzuna, mpima nafaka, ameshika bambo lake, ule mwiba wa chuma wa kuchomea gunia na kuonja kilichomo.

"Unatetemeka kama ungo," akamwambia. "Umemuuliza mwenye kazi, au umeuuliza woga wako tu?"

Idarusi akamgeukia jini. "Bwana Shamhari, nguzo ya nne ina nini?"

"Sijui. Sijafika huko tangu nilishwe yamini. Nasukuma tu."

Hapo Idarusi akafahamu kuwa mchele wa miaka yote umesukumwa nyuma ya nguzo ya tatu, asikofika jini. Akapeleka ombi kwa Sultani: ukuta wa nyuma utobolewe.

Sultani akaja mwenyewe. "Ukuta wa babu yangu?"

"Bwana wangu mtukufu, ulijengwa kumzuia mwizi. Leo umewazuia wenye mali."

Sultani akauwekea ukuta mkono. "Toboa. Ila upanga usimame karibu nawe."

Sururu ikapiga, mawe yakaanguka, na kwanza wakatoka fukusi, wadudu walao nafaka, kama moshi. Watu wakalia. Shamhari akaingia kwa mlango ule mpya, kwani yamini ilimruhusu nguzo tatu kutoka mlangoni, na huu nao ni mlango, akavuta gunia. Ruzuna akalichoma: unga wa vumbi. La pili, vumbi. Kivuli cha mnara kikawa kifupi mno, na mwenye upanga akasogea.

"Ngoja, baba!" akafoka Ruzuna. "Gunia la mbele si ghala!"

La tatu, vumbi. La nne likamwaga kiganjani mchele mweupe. Akaitia punje menoni, ikalia ka! Punda wakaanza kupakiwa papo hapo.

"Mbona hukusema?" Sultani akamuuliza jini.

"Miaka sitini niliamriwa, bwana wangu. Sikuulizwa."

"Nami miaka tisa sikumuuliza," akasema Idarusi.

Sultani hakumlaani babu yake, kwani hofu nayo huwa na sababu zake. Akamfungua Shamhari yamini, naye akabaki kazini kwa ujira. Tangu siku hiyo mchele ukawa unaingia kwa mlango wa kale wa mashariki na kutoka kwa ule mpya wa magharibi, uliotangulia kuingia ukitangulia chunguni. Idarusi akamposa Ruzuna, Sultani akawatolea mahari na nyumba ya ghorofa, nao wakaishi katika neema. Na siku ya harusi bibi arusi hakukubali sufuria itelekwe mpaka amelichoma gunia kwa mkono wake.

Nasi tuliobaki tukumbuke: afungaye kila njia kwa kumhofu mwizi, hujifungia na njaa ndani.