Ngozi Moja ya Namkonda

Tegeni masikio, na mjue mapema kwamba kisa hiki sitakimaliza mimi.

Kijijini Namkonda walikuwako watu watatu. Likwena alisoma nyayo kama wengine wasomavyo nyuso. Bi Somoe, mjane, gobore aliloshindilia yeye halikukosa kulia. Nandonde alikuwa na shabaha isiyo na mfano, ila ujanani aliitumia vibaya: alimnyang'anya mtu mali kwa mtutu wa bunduki, akafungwa. Alirudi mtu mwingine kabisa. Lakini sheria ya Namkonda ilisema, aliyefungwa kwa jinai hashiki silaha mpaka kaburini. Basi Nandonde akawa anafukuza nguruwe shambani kwa kupiga debe. Iliuma, lakini sheria hakuivunja.

Na aliyenyang'anywa ni nani? Marehemu mume wa Bi Somoe.

Ndipo akaja simba mla watu.

Likwena aliingia mateteni peke yake, na mkuki tu mkononi, akamfuata mpaka akajua alikolala. Wangapi wangethubutu?

Bi Somoe alitoa gobore la mumewe, akalishindilia. Akawapita vijana waliokuwa wakirudi nyuma, akasimama mbele ya Nandonde. "Shika."

"Bi Somoe, sheria yanikataza."

"Na mimi yanikataza kukupa. Shika, baba, watoto wanaliwa."

Nandonde akashika, Likwena akawaongoza mpaka mateteni. Simba alipochomoka, wengine walitimua mbio. Yeye alimngoja hata akayaona meno, akafyatua. Simba chini! Akamrudishia mama gobore lake kabla moshi haujatawanyika.

Sasa, mila ya Namkonda ni kwamba anayekalishwa juu ya ngozi ya simba huomba jambo moja, na baraza halimkatalii. Ngozi ilikuwa moja, na wote watatu walistahili.

"Nikikalia mimi, sheria ifutwe," alisema Nandonde. "Waasisi wetu waliapa kwamba kila mwenye mlango aulinde mlango wake. Hawakusema isipokuwa Nandonde. Nami nina watoto."

"Nikikalia mimi, sheria ibaki," alisema Bi Somoe. "Nilimpa gobore Nandonde ninayemjua, siyo kila atokaye gerezani. Mume wangu naye alikuwa na mlango."

Nandonde aliinamisha kichwa. Hakumchukia.

"Nikikalia mimi," alisema Likwena, "kila aliyefungwa tuzitazame nyayo zake tangu alipotoka. Aliyenyooka arudishiwe haki yake."

"Atakayezisoma ni nani?" akauliza Bi Somoe. "Na siku akikosea, nani atazikwa?"

Likwena, bingwa wa nyayo, akaitazama miguu yake mwenyewe.

Ngozi imekwisha kukauka, imetandikwa barazani, na hao watatu bado wanakaribishana kwa heshima, hakuna anayeketi. Watu wazuri wote, ndiyo maana shauri limekuwa zito.

Haya, wenzangu, mimi nimeshindwa. Ninyi mngemkalisha nani?