Wapanda Baiskeli Aliowapita Sultani Badawi

Hapo zamani, enzi zile baiskeli ikipita watoto wanaikimbilia, mji wa Mbwegani ulikuwa na sultani mmoja, Badawi, mnene huyo, mashallah, kajaa! Akanunua baiskeli, ikawa hana habari nyingine. Akatoa na amri: yeye akipita, kila mwenye baiskeli ashuke, asimame kando ya mtaro, ainamishe kichwa. Basi kila jioni anarudi kalowa jasho, anawaambia wakeze, "Leo tena nimewapita wote!"

Alikuwepo Hamduni, fukara, hana kitu ila baiskeli kuukuu ya kutembezea mikate. Bila hiyo wanawe hawali. Siku moja akazisikia hizo sifa za Sultani, akacheka. Maneno yakafika. Akaitwa.

"Unanicheka? Ijumaa unifuate, unihesabie wapanda baiskeli nitakaowapita toka langoni mpaka sokoni. Ukikosea hata mmoja, baiskeli yako naichukua."

"Nimesikia, Bwana wangu."

Ijumaa ikafika. Sultani akakanyaga, anahesabu na yeye. Hamduni nyuma, kwa miguu, anatembea tu, na hakuachwa.

Sokoni Sultani akasema, "Mimi nimepata thelathini na mmoja. Wewe?"

"Mimi sikupata hata mmoja, Bwana."

Jamani! Watu wakashika vinywa.

"Na wale wote ni nini?"

"Wale ni watu waliosimama, wameshika baiskeli. Waliosimama umewapita thelathini na mmoja, na punda aliyefungwa, na kisima. Aliyepanda sijamwona."

Sultani akanguruma, "Basi kesho asishuke mtu! Nikimpita mmoja tu, umekosea, baiskeli yangu!"

Weee! Kesho yake mji mzima uko juu ya baiskeli. Sultani akapitwa na seremala kabeba kitanda. Akapitwa na Bi Zawena muuza maziwa, mjukuu mgongoni, anapiga kengele: "Baba mnene, sogea pembeni, maziwa yanachacha!" Hakumjua, maana miaka yote kainamisha kichwa, uso wa Sultani atauona wapi?

Karibu na soko, mara Sultani akapiga ukelele, "Mmoja! Nimempita mmoja! Hamduni, lete baiskeli!"

Hamduni, aliyekuwa akimfuata, akageuka mbio. Akarudi nyuma kumtazama yule mtu.

"Bwana wangu, huyu mnyororo umemtoka. Kachutama anaurudisha."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Bwana," akajibu mwenyewe, mikono myeusi kwa grisi.

Sultani akamtazama yule, akautazama mnyororo, kicheko kikamshika, akacheka mpaka kilemba kikaangukia mtaroni. Amri ikafutwa palepale, na Hamduni akarudi kwake juu ya baiskeli yake, ina matairi mawili mapya ya Sultani.

Mie niliyoyasikia ni hayo. Anayetaka zaidi akamuulize Bi Zawena, kama atamkuta.