Sahani Nyeupe ya Babu wa Pangoni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Sahani nyeupe!
Ya nani?
Ya mwenye pango!

Haya, kaeni vizuri. Na aliyepanda mkeka wangu na miguu ya matope, ashuke.

Palikuwa na mji, nyuma ya mji pana pango, na ndani ya pango yumo chatu. Mnene kama mnazi, magamba yanang'aa kama ameoga mafuta. Watu wa mji walimwita Babu. Kenge akiiba yai moja, rungu. Panya akionja mtama, mtego. Babu akimeza mbwa wa mtu, watu husema, "Leo katutembelea!" na ubani unafukizwa.

Bi Mashavu alikuwa na kuku wa kishungi. Kishungi akitaga, mayai huenda pangoni. Akitaga tena, yanakwenda pangoni. Hajapata kusikia kifaranga akilia chini ya bawa lake. Safari hii akataga kichakani, akaatamia kimya, mpaka akasikia ndani ya maganda: ti, ti, ti. Wanagonga. Siku hiyohiyo Bi Mashavu akamfuma.

"Ehee! Mayai ya Babu unayaficha, mwizi wee?"

Akayatia kwenye sahani nyeupe. Kishungi naye akafungwa miguu, akawekwa juu yake.

Mila yao ilikuwa hivi. Mzee Kivumbi, mwangalizi wa mzimu, huiweka sahani mlangoni mwa pango. Watu wanageuka, wanapiga makofi: paa, paa, paa. Wakigeuka tena wakakuta sahani tupu, Babu karidhika. Wakikuta kitu kimebaki, basi Babu kakikataa, na alichokikataa ni chake, hakiguswi na kisu mpaka kife chenyewe. Ila hilo halikuwahi kutokea. Babu hakuwahi kukataa kitu.

Watu wakageuka. Ubaridi ukatoka pangoni. Ssssss. Kichwa kikaja, kikubwa kama sinia, macho hayapepesi. Kishungi alisahau mayai, akasahau kamba miguuni. Aliona tu mwili ule ukitoka, ukitoka, hauishi kutoka. Akajisemea, kumbe hawa watu wana haki ya kutetemeka. Halafu chini ya tumbo lake: ti, ti, ti.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema. "Na pole."

"Pole ya nini?"

"Ya njaa. Mwili wote huo, wanakuletea kuku? Wamekufanya kenge?"

"Mimi? Kenge?"

"Ungenikataa, wangeogopa, wangeleta mbuzi. Ungemkataa mbuzi, wangeleta fahali wa Mzee Kivumbi. Yule mwenye nundu."

Chatu akameza mate, gudu. Akarudi ndani.

Paa, paa, paa. Watu wakageuka. Kishungi yupo! Mayai yapo! Na palepale, mbele ya macho yao, ganda likapasuka, kifaranga akachungulia dunia. Bi Mashavu akaanguka magoti kwenye changarawe.

"Nisamehe, mama yangu! Nisamehe!"

Kishungi akavikwa kitambaa cheupe, akarudishwa mjini juu ya kichwa cha Bi Mashavu, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Wakaleta mbuzi. Chatu akamkataa. Mbuzi naye akavikwa kitambaa cheupe, akawa anatafuna kanga za watu zilizoanikwa kambani, na wenye kanga wanamwambia, "Karibu tena."

Wakaleta fahali. Hapo chatu hakungoja hata kofi la kwanza. Akamviringa, akamvunja, akaanzia mkiani. Kiuno kikaingia, nundu ikaingia, zikabaki pembe. Zikakwama mdomoni, moja huku, moja huku. Kutema, hawezi. Kurudi ndani, tumbo halipiti mlangoni.

Paa, paa, paa. Watu wakageuka. Babu kalala juani, ana pembe mdomoni. Mzee Kivumbi akazitazama pembe za fahali wake. Akamtazama Babu.

"Kumbe nyoka," akasema. Panga likashuka.

Lakini mji haukai bila mzimu. Kishungi akahamishiwa pangoni, yeye na vifaranga wake na ubani wake. Wakamwita Bibi.

Siku ya sherehe, Bi Mashavu akaja na sahani nyeupe. Juu yake mayai ya kuku wa jirani, na kwapani kuku mwenyewe kafungwa miguu, anakwenda jikoni kwa wageni.

"Dada Kishungi!" kuku yule akalia. "Si tulilala banda moja, mimi na wewe? Yaache tu hayo mayai! Yaache, vifaranga watapona!"

Kishungi akamtazama. Macho hayapepesi.

"Dada wa nani? Wewe si kuku tu?"

Watu wakageuka. Ti, ti, ti, yakasema mayai. Paa, paa, paa, yakasema makofi. Walipogeuka tena, sahani ilikuwa na maganda matupu.

Bibi naye hakukataa kitu.

Hapo pango nimelifunga, na mwenye masikio kajichotea. Funzo lake: tuwapende viumbe wote sawasawa, wa manyoya na wa magamba. Haya, wewe uliye karibu na mlango, nikamatie yule jogoo mwekundu, mchuzi unachelewa. Mweupe mwacheni. Yule ananitazama vibaya.