Ndege ya Mkia wa Kijani

Kitanda cha wageni hutandikwa shuka safi na mito ya maua, na anayekitazama akiwa mlangoni husema hapa patalalika. Lakini kunguni hawakai juu ya shuka. Anayewajua ni yule aliyelala, akajikuna mpaka kukakucha. Hivyo ndivyo yalivyomfika Nilmini wa mji wa Kurunegala.

Nilmini alikuwa mkata tiketi katika duka la safari la Bwana Ranaweera. Masomo yake yalikomea shule ya msingi, lakini macho yake hayakukomea popote. Kila msafiri aliyerudi kutoka Chennai, Bangkok au Kuala Lumpur alimvutia kiti na kumhoji. Magoti yalienea? Mizigo walipima kwa ukali? Chakula je? Alisikiliza bila haraka, kama mtu anayechambua mchele, kisha akayaandika yote daftarini.

Miongoni mwa ndege za bei nafuu zilizozunguka bara lile, moja ilimteka moyo: ile ya mkia wa kijani. Viti vyake vilisifiwa kuwa laini kama pamba, na wali wa moto ulitolewa bure. Ile ya mkia mwekundu aliidharau. Viti vyake vilikuwa vigumu, haikutoa hata maji, tena iliondoka alfajiri watu wakiwa bado na tongotongo. Yeye mwenyewe hakuwa amepanda hata moja.

Siku moja waliingia bibi wawili waliovaa nguo nyeupe, Bibi Somawathi na Bibi Podinona. Walitumwa na wenzao ishirini wa hekaluni waliotaka kwenda kuhiji Buddha Gaya, mahali patakatifu pa Wabudha ng'ambo ya bahari, wafike siku yenyewe ya mwezi mpevu, iliyo takatifu kwao. Bwana Ranaweera alimnong'oneza Nilmini kwamba wazee hao wakirudi wameridhika, makundi yote ya mahujaji yatakuwa mikononi mwake. Wakirudi wakinung'unika, atarudi kwenye ufagio alioanzia kazi, na kiti chake atakikalia mwingine.

Nilmini aliwamwagia sifa za mkia wa kijani. Bibi Somawathi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wewe umeipanda lini, mwanangu?"

Nilmini alikiri kwamba hajaipanda, ila wote waliorudi waliisifu.

"Basi utakuja nasi," bibi alisema. "Mpishi mwema huonja."

Bwana Ranaweera alikubali shingo upande. Nilmini akawasisitizia wazee wasihangaike kufunga wali wao majanini, kwa kuwa wangepakuliwa huko juu.

Siku ya mwezi mpevu, kabla ya jua kuchomoza, mahujaji walikunywa uji, wakala kiapo cha amri nane, wakapanda basi kwenda uwanjani. Aliyekula kiapo hicho hali tena jua likishapita utosini. Hilo Nilmini alilipigia hesabu: ndege ingeruka saa nne kasorobo, na saa tano wangekuwa wanakula.

Ndege ilichelewa kidogo, dakika arobaini tu, jambo ambalo hakuna msafiri aliyewahi kuona haja ya kumtajia. Viti vilikuwa laini kweli.

"Tumeapa kutokalia viti vya anasa," Bibi Podinona alisema, akijaribu kuinuka kidogo, "na mtoto huyu ametukalisha juu ya godoro."

Wenzake walicheka. Kisha kigari cha chakula kikatokea mbele kabisa, kikaanza kusogea kwa mwendo wa kinyonga. Tiketi za kundi zilikuwa za viti vya nyuma. Hilo nalo halikuwamo daftarini. Nilmini alikitazama kigari, akaitazama saa, akakitazama kigari. Kilipowafikia, ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili.

Wazee ishirini na wawili walikunja mikono mapajani. Harufu ya wali na dengu ilijaa puani mwao. Bibi Podinona aliuliza kama adhuhuri ya mawinguni ni ileile ya chini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilmini aliona haya. Akaikataa sahani yake, akaenda kumwomba mhudumu chai ya rangi yenye sukari, ambayo kiapo hakiikatazi. Akaigawa yeye mwenyewe, akiinama kwa kila mmoja na kuomba radhi.

Walihiji, wakarudi. Bwana Ranaweera aliwasubiri dukani, akauliza mkia wa kijani ulikuwaje.

"Wali wake mzuri sana," Bibi Somawathi alijibu. "Nimeunusa saa nzima."

Bwana Ranaweera alimgeukia Nilmini kwa jicho kali, na Nilmini akainamisha kichwa. Alijua kilichokuwa kinakuja.

"Mwache," bibi alisema. "Mwakani atuchagulie huyuhuyu. Huyu sasa ameumwa na kunguni, anajua pa kukagua. Utakayemweka hapo ataanza kujifunzia kwetu."

Mwenye duka alishusha pumzi. "Basi bora ni ile nyekundu ya alfajiri, siyo?" alimuuliza Nilmini. "Mtafika kabla ya adhuhuri, mle wali wenu wenyewe."

Zamani angejibu papo hapo. Sasa alifunga daftari.

"Sijui, bosi," alisema. "Sijaipanda."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.