Siku Kajiru Alipomsemesha Senkoro

Sogeeni karibu, wajukuu. Nikisema “Kale,” ninyi mseme “Ilikuwepo.” Nikisema “Watu wake?” mseme “Wataje.”

Kale.

Ilikuwepo.

Watu wake?

Wataje.

Vema. Nitawataja mmoja mmoja, kwa sababu kisa kisicho na majina ni uvumi, na uvumi sikufundishwa kuusimulia.

Siku ile kwenye ndiva ya Ikongwe, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, wa kwanza kufika alikuwa Mrindoko, mlinzi wa ndiva, mwenye kuulinda mti wa kuzibulia maji, uliochomekwa mlangoni mwa ndiva. Wa pili alikuwa Kajiru mwana wa Mruma, mwana wa Senkoro. Wa tatu alikuwa Namkunda, mke wa Kajiru, mtu wa ng'ambo ya bonde. Huyu ndiye aliyekihifadhi kisa hiki. Alimpa binti yake Naetwe, na Naetwe, ambaye ni mama wa baba yangu, akanipa mimi nikiwa na umri kama wenu. Wa nne alikuwa Kadeghe mwana wa Kiondo, mkuu wa watu wa upande wa chini. Wa tano alikuwa Nakijwa binti Senkoro, shangazi yake Kajiru, mzee kuliko watu wote wa Ikongwe. Yeye alibebwa kwa machela ya fito, maana miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa kazi.

Walikuwapo na wengine wengi. Namkunda hakuwataja, nami sitawabuni.

Senkoro mwenyewe hakuwapo. Alikufa kabla Kajiru hajazaliwa. Lakini yeye ndiye waliyekuwa wakimngoja.

Mnashangaa. Ngojeni niwaeleze desturi ya watu wale. Senkoro ndiye aliyeuchimba mfereji wa Ikongwe, kutoka kwenye chemchemi ya juu mpaka ndivani, na kutoka ndivani mpaka mashambani. Alipokufa, mwanawe Mruma aliyashika maji miaka thelathini. Mruma naye akafa. Na desturi ilisema hivi: mwenye maji akifa, ndiva huzibwa. Haizibuliwi mpaka mrithi asimame mbele ya watu amsemeshe mchimbaji. Amwulize maswali matatu kwa sauti yake mwenyewe, kisha ajibu kwa sauti ya mchimbaji. Wale waliomsikia mchimbaji akiwa hai hukaa na kupima. Wakisema “Ndiye,” maji hufunguliwa. Wakisema “Simjui” mara tatu, mfereji hauna mwenyewe tena, na mwenye nguvu huuchukua.

Naam, Nambua, nimeuona mkono wako. Unauliza, mtu atajuaje sauti ya mtu asiyemwona? Hilo ndilo Kajiru alilokuwa akijiuliza tangu baba yake alipozikwa.

Na waliomsikia Senkoro akiwa hai walikuwa wamebaki wangapi? Mmoja. Nakijwa peke yake, juu ya machela, akikohoa.

Mtama ulikuwa umefika magotini na majani yake yalianza kujikunja. Migomba ilikuwa imeinamisha majani. Kadeghe alikuwa amekuja na vijana kumi wenye majembe mabegani, na kila mtu alijua majembe yale yalikuja kufanya nini. Kajiru akishindwa, yangeushika mfereji jioni ileile, na watu wa upande wa juu wangeomba maji kwa Kadeghe kama mtu anavyoomba moto kwa jirani asiyempenda.

Mrindoko akasema, “Kajiru, mwana wa Mruma, simama. Mchimbaji anakusikia.”

Kajiru akasimama. Alikuwa amejiandaa. Tangu utotoni alikuwa ameyasikia masifu ya Senkoro kwenye matanga: Senkoro mpasua mwamba, Senkoro aliyeyapandisha maji mlimani. Sauti aliyoijua ya babu yake ilikuwa ni sauti ya wasifuo. Akajaza kifua akauliza, “Babu Senkoro, maji haya ni ya nani?”

Akajibu kwa sauti nzito, “Maji haya ni yangu mimi, Senkoro, chui wa Ikongwe. Niliuambia mwamba ondoka, nao ukaondoka. Anayeyataka na aje anitazame machoni.”

Watu wa upande wa juu wakaguna kwa kuridhika. Watu wakamgeukia Nakijwa.

Nakijwa akasema, “Simjui huyo.”

“Shangazi,” Kajiru akasema.

“Shangazi yako nipo. Lakini chui simjui. Baba yangu alikuwa mtu mfupi, tena aliogopa chui. Usiku alitoka nje akiwa ameshika mkono wa mtu.”

Watu wakacheka. Kadeghe akacheka kuliko wote, akasema, “Chui mwenye kushikwa mkono. Basi na tuendelee, mjukuu wa chui.”

Kajiru akafuta uso. Safari hii akashusha sauti, akaifanya laini kama ya mzee anayebariki arusi. Akauliza, “Babu Senkoro, unatuagiza nini sisi uliotuacha?”

Akajibu, “Enyi wanangu, pendaneni. Gawaneni maji kama watoto wa ziwa moja. Mimi niko pamoja nanyi katika kila tone.”

Yalikuwa maneno mazuri, wajukuu. Hata upande wa chini palikuwa na mwanamke mmoja aliyetikisa kichwa kwa kukubali. Nakijwa alifumba macho muda mrefu, mpaka Mrindoko akadhani amelala.

“Na huyu simjui,” akasema. “Baba hakuwahi kutuita wanangu. Alituita kwa kazi zetu. Wewe wa kuni. Wewe wa mbuzi. Mimi nilikuwa wewe wa maji mpaka siku niliyoolewa. Kajiru, mwana wa kaka yangu, unanichosha. Unaniletea watu wa kigeni, kila mmoja namsalimia, kumbe si yeye.”

Yakawa mawili. Likabaki moja.

Kadeghe hakucheka tena. Alipiga jembe lake chini taratibu, akasema kwa upole unaouma, “Mrindoko, mpe mwana wa Mruma nafasi. Na avute pumzi. Sisi tumengoja miaka mingi, jua moja halituui.”

Mrindoko akakubali. Kajiru akapewa muda mpaka kivuli cha ule mti wa kuzibulia kifike ukingoni mwa ndiva. Akaenda akakaa pembeni, na Namkunda akamfuata na kibuyu cha maji.

“Kunywa.”

“Sitaki.”

“Kunywa. Midomo imekukauka kama ya mgonjwa.”

Akanywa. Kisha akasema, “Mke wangu, nimemwuliza ya wakubwa, nimemwuliza ya wema. Limebaki lipi?”

Namkunda akasema, “Mimi ni mgeni hapa, sikumjua hata mmoja wa wazee wenu. Lakini nimekusikiliza. Unamwuliza mambo ambayo majibu yake umekuja nayo mfukoni. Mtu hamwulizi mwenzake analolijua. Humwuliza asilolijua.”

“Nikimwuliza nisilolijua, nitajibuje?”

“Sijui,” Namkunda akasema. “Kivuli kinakwenda.”

Hayo ndiyo maneno yake yote. Naetwe alinirudisha mara nyingi nilipoyaongeza, ndiyo maana siyaongezi.

Kajiru akarudi. Hakusimama kifua mbele tena. Alichuchumaa ukingoni mwa ndiva, kama achuchumaavyo mtu anayezoa tope, akatia mkono kwenye udongo uliokauka. Alipoanza kusema, watu wa nyuma ilibidi wasogee.

“Babu,” akasema, “mimi nimezoa tope la mfereji huu miaka kumi na tisa, na baba yangu akiwa mbele yangu. Naujua kwa magoti. Kuna ile kona tunayoiita Kiwiko. Chini ya Kiwiko udongo ni laini, mtu huchimba hata kwa mti. Mfereji ungepita pale ungenyooka. Wewe ukapaacha. Ukaupandisha mfereji juu, penye mwamba, ukaupasua ule mwamba kwa moto na maji, hatua arobaini. Nimezihesabu. Kwa nini, babu?”

Mrindoko alimtazama Kajiru, akingoja jibu.

Alichokuwa nacho Kajiru ni baba yake tu. Alimkumbuka Mruma kila walipofika Kiwiko: alinyamaza, akaharakisha jembe, wala hakutua hata kunywa maji. Na siku moja Kajiru alipomwuliza, Mruma hakugeuza uso. Alisema neno moja, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Kajiru akalisema lile neno, kwa ile sauti.

“Chimba.”

Kisha akauliza tena, kwa sauti yake, “Nimekuuliza, babu.”

“Nimekusikia. Chimba.”

“Hutaniambia?”

“Baba yako hakuambiwa. Pita juu. Pale chini usipakanyage.”

“Babu, mimi si mtoto.”

Na hapo Kajiru alinyamaza, kwa maana aliona kwamba yule aliyekuwa akizungumza naye asingejibu zaidi. Alibaki ameinama, mkono udongoni.

Watu wakamgeukia Nakijwa. Alikuwa ameshika fito za machela kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuinuka.

“Huyo ni baba,” akasema.

Kadeghe akasema, “Mama, kusema chimba hata mbuzi wangu angeweza.”

“Kadeghe, mbuzi wako hakuwapo. Mimi nilikuwapo.” Nakijwa akapumzika, kisha akaendelea. “Mfereji ulipita pale chini kwanza. Ulichimbwa kwenda chini kimo cha mtu na nusu, kwa kuwa ni laini. Mama yetu alikuwa ndani, akijaza udongo kikapuni. Akasema, Senkoro, ukuta huu unatoa jasho, unanitisha. Baba alikuwa juu, amechoka, mvua zilikuwa karibu. Akamwambia, chimba. Ukuta ukaanguka. Tulifukua kwa mikono tangu asubuhi mpaka jua likaegemea mlima. Baba akamzika palepale. Akawaomba watu wote wasilitaje jambo lile, wakamkubalia, wakafa nalo. Tangu siku hiyo, ukimwuliza habari za Kiwiko, alikujibu neno lilelile alilomwambia mama. Alijiadhibu kwalo. Mruma alikuwa bado mchanga, hakuambiwa; sisi wakubwa tuliambiwa tuseme mama alikufa kwa homa. Nimesema homa maisha yangu yote.”

Vijana wa Kadeghe wakashusha majembe mabegani.

Kajiru akauliza polepole, “Jina lake, shangazi. Baba hakuwahi kunitajia jina la bibi yangu.”

“Nanzia,” akasema Nakijwa. “Nanzia binti Mashambo.”

“Alikuwa mtu wa namna gani?”

“Mwulize mwenyewe. Sasa unao wawili wa kuzungumza nao. Huyo alikuwa anajibu.”

Ndipo Mrindoko akasema ile kauli ya desturi, kwamba mchimbaji amejibu. Kajiru akausogelea mti wa kuzibulia. Ulikuwa umekwama katika matope yaliyokauka, hakuweza kuutoa peke yake. Kadeghe alisimama kidogo akiyatazama majani ya mtama, kisha akamwachia kijana wake jembe, akaja akaushika mti upande wa pili. “Na tuvute,” akasema. “Mtama haujui kungoja matanga.” Wakavuta. Kabla maji hayajatoka, Kajiru alilitaja jina la Senkoro kama desturi ilivyoagiza, akaongeza la Nanzia, ambalo desturi haikuliagiza. Mrindoko alimtazama, akaacha. Maji yakatoka yakiwa mekundu kwanza, kisha yakawa meupe.

Kwa hiyo, wajukuu, mtakapofika kwenye ule mfereji msimu wa kuzoa tope, mtasikia yakiitwa majina mawili. Wageni huuliza kwa nini la mwanamke linaitwa. Nambua, wewe utawajibu.

Na fundisho lake ni hili. Aliyetangulia usimpe maneno ya kukupendeza wewe, kwa kuwa amekufa na hawezi kukukataza. Usimfanye chui, wala usimfanye mtakatifu. Mwulize lile ambalo mikono yako imelikuta na akili yako haijalielewa. Akinyamaza, nyamaza na wewe, maana hata kunyamaza kwake kuna mtu. Mimi sikumwona Namkunda, wala Kajiru sikumwona. Ninapowasimulia ninasikia wananikataza hapa na pale, nami natii ninapoweza.

Kisa nimekitua chini hapa, hakina tena kichwa cha kukibeba ila chenu. Atakayekiokota akiokote na majina yake yote, asidondoshe hata moja.

Mmeniuliza habari za Nakijwa. Alikaa nyumbani kwa Kajiru siku tatu, akimsimulia habari za Nanzia. Siku ya nne asubuhi, Nakijwa binti Senkoro alikufa.